Bushi Ni Nini?

Muulize fundi yeyote wa Kirinyaga Road bushi ni nini, na hatakupa maana ya kamusi. Atachukua kipande cha raba kilichovishwa chuma, akibonyeze kwa kidole gumba, kisha akwambie hiki ndicho kinachozuia vyuma vya chini ya gari lako visigongane ukipita kwa matuta. Swali limeisha, lipa uende. Lakini huko Marekani kuna watu wazima, wenye kazi na familia, waliobishana kwa muda mrefu juu ya swali hilohilo. Na ubishi wao ulikuwa wa kifalsafa kuliko wengi wao walivyodhani.

Klabu ya SCCA, iliyoanzishwa mwaka wa 1944, huandaa mbio za magari kwa watu wasiolipwa: walimu, mafundi, mawakili, wanafunzi. Daraja lake moja, Improved Touring, lilitengenezewa magari ya kawaida ya barabarani yaliyoboreshwa kidogo tu, ili mtu wa mshahara wa kawaida apate mahali pa kukimbia. Kitabu cha sheria kilisema kwamba bushi inaweza kuwa ya mali yoyote. Wengi waliisoma hivi: raba huchakaa, kwa hiyo ukitaka kuweka plastiki ngumu, weka. Halafu wakaja wajanja. Wakatoa raba, wakaweka beringi ya chuma yenye tufe ndani, ile inayozunguka bila kulegea hata chembe. Gari likashika kona kama limegundishwa.

Kelele zikaanza. Mmoja anasema, "Sheria imesema mali yoyote. Chuma ni mali. Shida iko wapi?" Mwingine anajibu, "Wewe hujabadilisha mali ya bushi. Umetoa bushi, ukaweka kitu kingine." Mwishowe waandishi wa sheria wakaongeza maneno: beringi za aina hiyo zinaruhusiwa, mradi usikate wala kubadilisha kifaa kingine ili zitoshee. Ubishi wa bushi ukafa. Swali lililouzaa bado liko hai, na si la wenye magari peke yao: mtu akitii maneno ya sheria huku akijua anaikwepa nia yake, amekosea?

Wanaotunga sheria za mbio wanajua wanashughulika na watu wa aina gani. Ndiyo maana madaraja mengi ya aina hii husimama juu ya kanuni moja: kama haijaandikwa kwamba unaruhusiwa, basi huruhusiwi. Ukiifikiria, hiyo ni kinyume cha sheria tunayoishi nayo kila siku. Katiba yetu, kwenye kifungu cha 50, inakataza mtu kuhukumiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda. Raia yuko huru mpaka sheria imzuie. Dereva wa mbio amefungwa mpaka sheria imwachilie. SCCA wana na kufuli ya pili, kwamba kifaa kilichoruhusiwa kisitumike kufanya kazi iliyokatazwa. Na bado watu huingia. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, wao wanapitia kwa neno "bushi".

Hapo si uzembe wa mwandishi. Ni tabia ya maneno. Mwaka wa 1958 mwanafalsafa wa sheria H.L.A. Hart alitoa mfano ambao wanafunzi wa sheria bado wanasumbuliwa nao: kibao kinachosema magari hayaruhusiwi kwenye bustani. Hebu tukiweke Uhuru Park. Prado haiingii, hilo halina mjadala. Bodaboda je? Mkokoteni wa muuza maji? Kiti cha magurudumu? Hart alisema kila neno lina kiini chenye mwanga na ukingo wenye giza, na kwenye giza lazima mtu aamue. Lon Fuller akamjibu mwaka huohuo kwa swali: itakuwaje wazalendo wakitaka kuweka bustanini, juu ya jukwaa, lori lililotumika kwenye Vita vya Pili vya Dunia, liwe ukumbusho? Ni gari, tena gari hasa, lakini ni nani mwenye akili timamu angesema kibao kilikusudiwa kulizuia? Kwa Fuller, huwezi kujua neno linasema nini kabla hujauliza liliwekwa pale kwa ajili gani.

Sisi Wakenya tulishaegemea upande mmoja. Kifungu cha 259 kinaagiza Katiba yenyewe ifasiriwe kwa namna inayoendeleza makusudi yake na maadili yake. Lakini hatuishi hivyo. Waulize abiria. Kanuni za matatu za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, zilitaka kila matatu iwe na kidhibiti mwendo, isizidi kilomita 80 kwa saa. Tangu hapo, ni Mkenya gani hajawahi kukaa kwenye matatu yenye kidhibiti mwendo na cheti chake, huku miti inapita dirishani kama imerushwa? Kifaa kipo, karatasi ipo, sheria imetimizwa. Kilichokosekana ni kile tu kilichofanya sheria iandikwe.

Kwa hiyo ni rahisi kusema: roho ya sheria juu, herufi chini, twende nyumbani. Mimi sidhani mambo ni mepesi hivyo, na mbio za magari zinaonyesha kwa nini.

Tuanze na wajanja wenyewe, kwa sababu hawafanani. Wa kwanza ni Smokey Yunick, fundi wa NASCAR ambaye hadithi zake bado zinasimuliwa. Ile inayorudiwa zaidi inasema sheria ilipima ukubwa wa tangi la mafuta lakini haikusema lolote kuhusu bomba linalotoka kwenye tangi kwenda kwa injini. Smokey akaweka bomba nene, refu, lililozungushwa, likabeba galoni kadhaa za ziada. Tangi lilikuwa la kipimo sahihi kabisa.

Wa pili ni timu ya Brabham, mwaka wa 1978. Sheria za Formula One zilikataza vifaa vya kusogea vinavyosaidia hewa kulikandamiza gari barabarani. Mbunifu Gordon Murray akaweka feni kubwa nyuma ya gari. Timu ikasema kazi kuu ya feni ni kupoza injini, na ni kweli ilipoza. Lakini pia ilinyonya hewa iliyokuwa chini ya gari na kulibana kwenye lami. Niki Lauda akashinda mbio za Uswidi kule Anderstorp. Wapinzani wakapiga kelele. Ushindi ukabaki, lakini gari lile halikurudi kwenye mbio tena.

Wa tatu ni Toyota kwenye rally, mwaka wa 1995, miaka ile Celica zilikuwa zimetawala hata Safari Rally. Sheria ilitaka hewa yote inayoingia kwenye turbo ipite kwenye tundu lenye upana usiozidi milimita 34, ili nguvu ya injini isipite kiasi. Toyota wakatengeneza kifaa ambacho kikifungwa garini, kinajisogeza na kuacha mwanya wa hewa kupita pembeni. Mkaguzi akikifungua kukipima, springi zinakirudisha mahali pake, kipimo kinasoma milimita 34 safi. Walinaswa kule Catalunya. Wakapoteza pointi zote za mwaka na kufungiwa miezi 12. Hata rais wa FIA wa wakati huo, Max Mosley, alikiri kwamba hajawahi kuona ufundi wa werevu kama ule.

Tuwapange hao watatu. Toyota hawakusoma sheria kwa ujanja, walimdanganya mkaguzi. Kifaa chao kilikuwa na kazi mbili, kuiba hewa na kuficha wizi, na hiyo ya pili inatosha kukihukumu. Smokey, kwenye ile hadithi, alikuta sheria imenyamaza akautumia ukimya. Brabham walifanya mambo mchana kweupe, kila mtu aliiona feni. Ukitaka kipimo cha haraka cha kutofautisha mwizi na mjanja, ni hiki: je, unaweza kufungua boneti mbele ya wapinzani na kueleza ulichofanya, ukijua bado hujaanza kukimbia?

Kipimo kizuri, lakini hakitoshi. Yule wa beringi alifungua boneti. Alikuonyesha kila kitu, akacheka, akakushinda. Na wewe kesho ukaenda kutafuta beringi kama zake.

Hapo ndipo mbio za ridhaa zinapoachana na za kulipwa. Kwenye Formula One, kutafuta mwanya ni sehemu ya mchezo wenyewe. Wahandisi wameajiriwa kwa kazi hiyo, na kila timu inajua kwamba timu nyingine zinafanya vivyo hivyo. Lakini fikiria mtu wa Umoja au Kasarani mwenye Subaru ya mkono wa pili, mkopo wa SACCO ambao haujaisha, vipuri vya kuokoteza Grogan, na ndoto ya kukimbia Jumapili mbili tatu kwa mwaka kwenye autokrosi au kupanda mlima wa Kiamburing akishindana na saa. Huyu hakushindwi na dereva bora. Anashindwa na fasiri ya neno moja ambayo itamgharimu mshahara wa miezi miwili kuifuata.

SCCA waliliona hilo tena kwenye kompyuta za injini. Sheria iliruhusu kubadilisha kompyuta mradi kila kitu kibaki ndani ya boksi lake la asili. Ilisikika kama ruhusa ya kubadilisha chipu. Wenye pesa wakachukua kompyuta kamili ya mbio, ya bei ya kutisha, wakaikunja na kuikata mpaka ikatosha kwenye lile boksi. Boksi likabaki la asili. Gharama ya kuwa mshindani ikapanda kwa kila mtu, na mwishowe sheria ikafunguliwa, kwa sababu kuendelea kulipia ufundi wa kuficha kompyuta ndani ya boksi kulikuwa upuuzi.

Kwa hiyo nauliza: sheria ya mbio za ridhaa ni kitu gani hasa? Mwanafalsafa Bernard Suits, kwenye kitabu chake The Grasshopper cha mwaka wa 1978, alisema kucheza mchezo ni kujitwika kwa hiari vikwazo ambavyo si vya lazima. Kama unataka tu mpira uingie kwenye shimo la gofu, ubebe kwa mkono uutumbukize. Kama unataka tu kufika Naivasha, panda matatu. Tunakubali vikwazo kwa sababu bila hivyo hakuna mchezo. Hapo niko naye. Lakini kuna jambo ambalo mtu mwenye Subaru yake angeliongeza mara moja: kikwazo nilichojitwika hakinihusu peke yangu. Nikikubali kutonunua kompyuta ya bei mbaya, nakubali ili na wewe usilazimike kuinunua. Sheria ya daraja la magari ya kawaida ni ahadi baina ya watu wanaoshindana.

Na kama ni ahadi, basi tunajua tangu zamani jinsi ahadi inavyosomwa. William Paley, kwenye kitabu chake cha maadili cha mwaka wa 1785, alitoa mfano wa mtekaji Timur. Timur aliwaahidi askari wa mji wa Sebastia kwamba wakijisalimisha, damu haitamwagika. Wakajisalimisha. Akawazika wakiwa hai. Hakuna tone la damu lililomwagika. Kwa Paley, ahadi hutimizwa kwa maana ile ambayo mtoa ahadi alijua mwenzake ameielewa alipoipokea. Timur alijua vizuri wale askari walielewa nini.

Bushi si kaburi, najua. Lakini umbo la kosa ni lilelile, na linatupa kipimo cha pili kilicho bora kuliko kile cha boneti: soma sheria kwa maana ambayo unajua wenzako waliielewa walipolipa ada ya kuingia. Kipimo hiki kinaeleza kwa nini kitendo kimoja kinaweza kuwa halali mahali pamoja na kuwa dhuluma pengine. Kwenye Formula One kila aliyelipa ada alielewa kwamba mianya itatafutwa, kwa hiyo Murray hakuvunja ahadi ya mtu. Kwenye daraja la magari ya kawaida, watu walielewa kinyume. Wajanja walijua hivyo. Ndiyo maana walicheka.

Sasa tufike kwenye pingamizi ambalo silichukulii kwa wepesi. Roho ya sheria hukaa wapi? Herufi ziko kwenye kitabu, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Roho imo vichwani mwa watu waliokuwepo sheria ilipotungwa, wanaojuana, waliosoma shule moja, ambao baba zao walikimbia pamoja. Kijana mgeni akija na gari lake amesoma kitabu kurasa zote, akafuata kila neno, halafu mzee mmoja mwenye kofia anatikisa kichwa: "Hapa hatufanyi hivyo." Hatufanyi sisi nani? Huyo kijana hakuwepo. Kitu pekee kinachomlinda na upendeleo wa wenyeji ni maandishi. Ukimnyang'anya herufi ukampa roho, umempa kitu ambacho ufunguo wake wanao wengine. Sote tumewahi kusimama kwenye kaunta ya ofisi fulani tukiwa na kila karatasi iliyotajwa kwenye tangazo, tukaambiwa kuna nyingine, isiyoandikwa popote.

Na herufi nazo zina ukatili wake zikishikwa na mwenyeji. Mwaka wa 1966 magari ya Mini yalishika nafasi tatu za kwanza kwenye Monte Carlo Rally, kisha yakaenguliwa kwa sababu ya balbu za taa za mbele ambazo hazikulingana na kanuni za taa. Ushindi akapewa Pauli Toivonen, aliyekuwa akiendesha Citroën, gari la Kifaransa. Waingereza wengi hawajaacha kuamini kwamba taa ilikuwa kisingizio tu. Sheria ni msumeno, wahenga walisema, hukata mbele na nyuma. Walichoacha kutukumbusha ni kwamba msumeno una mpini, na kuna mtu ameushika.

Kwa hiyo kipimo cha Paley kinahitaji nyongeza, kwa sababu ahadi haiwezi kumfunga mtu kwa maana ambayo hakuwa na njia ya kuijua. Nyongeza yangu ina sehemu mbili.

Kabla ya mbio, shaka imwangukie mwenye gari. Ukiona neno linaweza kusomwa kwa njia mbili na moja inakupa faida, kujiona huna hakika tayari ni taarifa. Uliza, kwa maandishi. Na klabu ijibu kwa maandishi, mahali ambapo kila mshindani atasoma, hata yule ambaye hajafika bado. Roho ya sheria iliyoandikwa ikabandikwa ukutani inaacha kuwa siri ya wazee. Inakuwa herufi, na mgeni anaweza kuishika mkononi.

Baada ya mbio, shaka imwangukie aliyeandika sheria. Mtu aliyefanya mambo yake wazi, akapita ukaguzi, akashinda, asivuliwe kombe kwa roho iliyogunduliwa jioni baada ya kelele. Mwanya uzibwe kwa ajili ya kesho. Ndivyo ilivyokuwa kwa Brabham: ushindi ukabaki, feni ikaondoka. Wanaosema hiyo ni kumzawadia mjanja wana hoja, lakini bei ya kufanya vingine ni kubwa zaidi, kwani siku hiyo kila ushindi utakuwa wa muda, ukisubiri mtu mwenye sauti kubwa.

Kuna njia nyingine, na inafurahisha. Mashindano ya 24 Hours of Lemons, yaliyoanzishwa na Jay Lamm huko Marekani mwaka wa 2006, yaliweka sheria kwamba gari lisigharimu zaidi ya dola 500, bila kuhesabu vifaa vya usalama kama keji ya mabomba, kiti na breki. Badala ya kuandika kurasa mia kueleza dola 500 ni nini, majaji huliangalia gari, husikiliza hadithi yako ya jinsi ulivyolipata, na wasipoamini wanakuongezea mizunguko ya adhabu. Hakuna rufaa ya maana. Hata hongo hupokelewa hadharani, kwa utani. Huku kwetu utani huo ungechoma kidogo. Lakini unafanya kazi kule kwa sababu hakuna zawadi kubwa ya kupigania, na kila mtu anajua jaji anaweza kumwonea. Roho ya sheria hutawala vizuri pale ambapo kushindwa hakuumizi. Na angalia walichokiacha nje ya utani: keji, kiti, breki. Kwenye vitu vinavyomrudisha mtu nyumbani akiwa hai, hata wao hawamwachii jaji akisie.

Linabaki jambo ambalo siwezi kulilainisha. Anayeuliza kwa maandishi anaumia. Ulikesha gereji wiki tatu ukifikiria, ukapata wazo ambalo hakuna aliyelipata, halafu mimi nakwambia ulipeleke kwa klabu na jibu libandikwe wenzako wasome. Wakikubali, kila mtu atakuwa nalo Jumapili. Wakikataa, umepoteza wiki tatu. Aliyenyamaza angeshinda angalau mara moja, na kwa sheria yangu mwenyewe kombe lake lisingeguswa.

Ni kweli, na sioni njia ya kumlipa. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyeuliza anajua kitu ambacho mwenye kombe hajui. Akishika nafasi ya nne, anajua alishindwa na watu watatu waliokuwa wanacheza mchezo uleule aliokuwa anaucheza yeye. Kwa mtu ambaye halipwi, aliyetoa pesa zake na Jumapili yake ili ajue tu ana kasi kiasi gani, sijui ni kitu gani kingine alikuwa amekuja kutafuta.